Mbeya na Iringa: Umbali na Saa za Njiani

Kwa mstari ulionyooka, kutoka jiji la Mbeya hadi Iringa mjini ni kilomita zipatazo 275. Kwa barabara ya lami ni karibu 330. Hata hivyo, anayeuliza umbali huo katika stendi ya Mbeya hatajiwi kilomita. Ataambiwa ni mwendo wa saa tano, au sita, au kwamba basi la alfajiri humfikisha mchana. Jibu la stendi ndilo lenye manufaa zaidi kwa msafiri, kwa sababu ndani yake kuna milima, mabonde, vijiji, mizani na sheria ya mwendo, mambo ambayo kipimo cha kilomita peke yake hakiyaoni.

Umbali wa mstari ulionyooka hupatikana kwa hesabu tu. Mbeya ipo karibu na nyuzi 8.9 kusini ya ikweta na nyuzi 33.45 mashariki, Iringa ipo karibu na nyuzi 7.8 kusini na 35.7 mashariki. Uzi mmoja wa latitudo ni kilomita 111 hivi, na kwa kuwa ikweta haiko mbali, uzi wa longitudo nao ni karibu hivyo hivyo, kama kilomita 110. Kwa hiyo Iringa iko kilomita 125 hivi kaskazini ya Mbeya na kilomita 245 hivi mashariki yake, na mstari wa mshazari unaoiunganisha miji hiyo ndio unaotoa ile 275. Kwa safari ndefu, kama ya Dar es Salaam hadi Mumbai, mpimaji hulazimika kufuata tao la mviringo wa dunia. Kwa masafa mafupi kama haya mviringo huo hauongezi kitu cha kuhesabika.

Tofauti ya longitudo ina athari nyingine ambayo saa za ukutani huificha. Dunia huzunguka uzi mmoja kwa kila dakika nne, hivyo jua la adhuhuri hufika kilele chake Iringa dakika kama tisa kabla halijafika kilele Mbeya. Miji yote miwili inafuata saa moja ya Tanzania, na dakika hizo hazimsumbui mtu, ila zinaonyesha kwamba safari hii ni ya kuelekea mashariki zaidi kuliko kaskazini.

Chini ya mstari huo ulionyooka kuna bonde la Usangu. Ukitoka Mbeya, mstari unashuka kutoka kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi hadi kwenye uwanda wa mita elfu moja na kidogo, unapita juu ya mashamba ya mpunga na malisho, unagusa eneo la Ihefu, kisha unapita karibu na Madibira kabla ya kupanda tena kwenye nyanda za Iringa. Ihefu ni ardhi oevu inayokusanya maji ya mito inayoporomoka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere. Maji hayo hutoka kwa upande wa kaskazini kupitia kizingiti cha mwamba cha Ng'iriama na kuwa Mto Ruaha Mkuu, ambao hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kuendelea hadi bwawa la Mtera. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, na mwaka 2008 sehemu kubwa ya Usangu iliingizwa katika Hifadhi ya Ruaha. Barabara iliyonyooka ingepita katikati ya maji hayo ya masika, katika udongo wa mfinyanzi usiobeba uzito ukilowa. Ndiyo maana barabara kuu inalizunguka bonde kwa kusini.

Barabara hiyo ni T1, ambayo wengi bado huiita TANZAM. Inatoka Mbeya ikipenya jiji hadi Uyole, mahali ambapo barabara ya Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi huchepuka kuelekea kusini. Baada ya Uyole inaanza kuporomoka. Mteremko wa Inyala ni mrefu na umeua watu wengi, hasa pale lori lenye mzigo mzito linapopoteza breki na kuzoa magari yaliyo mbele yake. Dereva mzoefu wa semi huingiza gia ndogo kabla hajaanza kushuka na kuacha injini imshikilie, kwa maana breki iliyokanyagwa mfululizo hupata moto, na breki yenye moto haishiki.

Chini ya mteremko hewa hubadilika. Abiria aliyepanda Mbeya na sweta huivua Chimala, na atakapofika Makambako ataitafuta tena. Kuanzia Igurusi hadi Igawa barabara inafuata mguu wa milima: kulia, kwa anayetoka Mbeya, ukuta wa Kipengere unasimama wima, na kushoto uwanda wa Usangu unakwenda hadi upeo wa macho. Igurusi ni soko kubwa la mchele, na magari madogo husimama hapo ili wenye nyumba zao Iringa na kwingineko wanunue mchele wa Mbeya kwa bei ya shambani. Chimala kuna njia panda ya kwenda Matamba na Hifadhi ya Kitulo, barabara inayoupanda ukuta ule kwa kona 57 zinazoonekana kutoka chini.

Wahandisi waliichagua njia hii ya mguuni mwa mlima kwa sababu nzuri. Mito ya Usangu, kama Mbarali, Kimani na Chimala, ikiwa bado karibu na mlima huwa imebanwa katika kingo zake, na daraja la urefu wa kadiri linatosha kuivuka. Kilomita chache kaskazini, mito hiyo hiyo hutawanyika na kuwa mifereji, mashamba na madimbwi. Kuna barabara nyingine inayotoka Rujewa kupitia Madibira hadi Mafinga, na kwenye ramani huonekana kama njia ya mkato inayokwepa Makambako. Kwa miaka mingi imekuwa ya vumbi kiangazi na tope masika, na aliyeifuata kwa tamaa ya kuokoa muda amefika baada ya wenzake waliobaki kwenye lami.

Kutoka Igawa barabara hupanda tena hadi Makambako, mji wa njia panda, reli na baridi. Hapo msafiri amekwisha kumaliza zaidi ya nusu ya safari, kilomita 175 hivi, na bado yuko karibu latitudo ile ile aliyoiacha Mbeya. Safari yote hadi hapo imekuwa ya kwenda mashariki. Kilomita zote za kwenda kaskazini bado zinamsubiri. Mabasi ya Njombe na Songea hukunja hapo kuelekea kusini. Yanayokwenda Iringa huelekea kaskazini mashariki, yanapita Nyororo na kufika Mafinga, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, ambao ndio sehemu ya juu kabisa ya njia. Kuzunguka hapa kuna msitu wa kupandwa wa Sao Hill, wenye eneo la zaidi ya hekta 135,000, mkubwa kuliko misitu yote ya kupandwa ya serikali nchini. Misindano na milingoti hufuatana na barabara, na malori ya magogo, mbao na nguzo za umeme huingia na kutoka siku nzima.

Kilomita 80 za mwisho hushuka polepole kupitia Ifunda na Tanangozi hadi Ipogolo, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Mji wa Iringa wenyewe uko juu ya mlima, na barabara kuu haiupandi. Inapita chini na kuendelea kuelekea Morogoro. Mabasi hushusha abiria Ipogolo au katika stendi kuu ya Igumbilo, na mwenye kwenda mjini hupanda daladala, bajaji au bodaboda. Mlima Kitonga, unaotajwa katika kila simulizi ya barabara hii, hauko katika kipande cha Mbeya na Iringa. Uko mbele zaidi, mashariki ya Iringa, na anayeishia Iringa haupandi wala haushuki.

Kabla ya magari, masafa haya yalipimwa kwa siku za kutembea. Msafara wa wapagazi ulikwenda kilomita 20 au 25 kwa siku, kutegemea maji na mzigo, hivyo njia ya kilomita 330 ilikuwa ya wiki mbili bila kuhesabu siku za kupumzika. Mgunduzi Mskoti Joseph Thomson alivuka Uhehe kwa miguu mwaka 1879 akielekea Ziwa Nyasa, wakati Wahehe na Wasangu wakigombania nchi hii na njia zake. Wajerumani walijenga boma la Iringa baada ya kuiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, mwaka 1894. Mbeya ilikuja baadaye sana, mwishoni mwa miaka ya 1920, ikikuzwa na dhahabu ya Lupa. Wakati wa Waingereza miji hiyo ilikuwa vituo katika Barabara Kuu ya Kaskazini, njia ya udongo iliyokuwa na ndoto ya kuunganisha Cape Town na Cairo, na katika msimu wa mvua gari lililokwama Usangu lingeweza kulala hapo kwa siku kadhaa.

Lami ilikuja kwa sababu ya siasa za mbali. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyokuwa ikitegemea reli ya kusini kwa mafuta yake na kwa kusafirisha shaba, ikalazimika kutazama Dar es Salaam. Malori yaliyobeba mapipa ya mafuta yalipita barabara hii ya udongo usiku na mchana, na mengi yaliishia korongoni. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968. Barabara ya TANZAM ilijengwa kwa lami kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa fedha za Marekani na Benki ya Dunia. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Kwa muda mfupi, korido ambayo magari yake yalikuwa yakizama topeni ikapata bomba, lami na reli. Tangu hapo barabara imefumuliwa na kujengwa upya kwa vipande, kikiwemo kile cha Mafinga hadi Igawa cha kilomita 138 hivi.

Sasa saa. Sheria ya usalama barabarani ya Tanzania inaruhusu magari makubwa, yakiwemo mabasi ya abiria, kwenda kilomita 80 kwa saa nje ya makazi, na kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi. Basi ambalo lingekwenda 80 tangu stendi hadi stendi lingetumia saa nne na dakika chache. Basi la namna hiyo halipo. Vijiji na miji midogo imejipanga kando ya barabara karibu njia nzima. Zikichukuliwa kilomita 90 tu kuwa ni za makazi, hizo peke yake zinakula karibu saa moja na dakika 50, na kilomita 240 zilizobaki zinahitaji saa tatu kamili. Jumla inakaribia saa tano kabla basi halijasimama hata mara moja.

Na husimama. Kwanza ni mzani. Kila gari linalozidi tani 3.5 hutakiwa kupimwa, basi likiwa na abiria wake ndani, na foleni ya semi za Zambia na Kongo katika mzani wa Makambako au wa Wenda, karibu na Iringa, inaweza kuwa fupi au ndefu bila dalili ya mapema. Pili ni trafiki na tochi zao za kupima mwendo, zinazowekwa mahali ambapo kibao cha 50 hakijaisha na dereva ameshaanza kukanyaga mafuta. Tatu ni matuta na rasta kwenye kila shule na kila senta. Halafu kuna kushusha na kupakia, chakula cha haraka, na kuchimba dawa. Foleni ya Mbeya mjini ni jambo la peke yake: magari ya jiji na malori ya kimataifa yalikuwa yakigombea njia mbili zile zile, na ndiyo sababu ya mradi wa kuipanua barabara kuwa njia nne kati ya Nsalaga, upande wa Uyole, na Ifisi, kilomita 29. Mambo hayo yote yakijumlishwa, saa tano na nusu hadi saa sita na nusu kwa basi ni makadirio ya haki. Gari dogo lenye dereva mtulivu huchukua saa tano hivi. Lori lenye mzigo kamili, linalotambaa kwenye kipandio cha kutoka Igawa, huhitaji saa nane au zaidi.

Kuna wanaofanya safari hii kwa saa nne. Hesabu iliyotangulia inaonyesha wazi saa hizo zinatoka wapi: zinatoka kwenye vijiji, kwa kupita mbele ya watoto wa shule kwa mwendo wa barabara tupu, na zinatoka kwenye kulipita lori penye kona. Muda unaookolewa hivyo ni mdogo mno kuliko hatari yake. Mabasi siku hizi hufungwa kifaa cha VTS, ambacho huripoti mwendo wa gari kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, na mabadiliko hayo yamekuwa na manufaa ya kweli kwa abiria.

Muda wa kuondoka nao hubadilisha muda wa kufika. Kwa takriban miongo mitatu mabasi ya mikoani yalizuiwa kusafiri usiku, hivyo ratiba zote zilianzia alfajiri; zuio hilo liliondolewa mwaka 2023. Usiku foleni za mijini hazipo na mwendo huwa sawa zaidi, lakini kati ya Makambako na Mafinga ukungu wa Juni na Julai unaweza kumpunguzia dereva upeo wa kuona hadi mita chache. Masika, kuanzia Desemba hadi Aprili, miteremko huwa na utelezi, na mwendo wa busara hushuka chini ya ule wa kisheria.

Kwa anga, hesabu inaonekana rahisi. Ndege yenye mwendo wa kilomita 900 kwa saa ingemaliza kilomita 275 kwa dakika 18. Namba hiyo ni sahihi kihesabu na haina matumizi yoyote, kwa kuwa ndege kubwa ya jeti kwenye safari fupi namna hii ingeanza kushuka kabla haijamaliza kupanda. Zaidi ya hapo, ndege haitoki katikati ya mji. Uwanja wa Songwe uko kilomita 20 na ushee magharibi ya Mbeya, upande wa Tunduma, maana yake abiria wa Iringa huanza safari kwa kuipa Iringa mgongo. Uwanja wa Nduli uko kilomita 12 hivi kutoka Iringa mjini, njia ya Dodoma. Kati ya viwanja hivyo viwili ni kilomita 305 hivi, sawa na maili za baharini 165, kipimo ambacho marubani hutumia.

Songwe ulifunguliwa mwaka 2012 kuchukua nafasi ya uwanja wa zamani uliokuwa ndani ya jiji. Uwanja ule ulikuwa mfupi, umezungukwa na nyumba, chini ya mlima Loleza, na juu ya mwinuko wa mita 1,700. Mwinuko ni tatizo la msingi katika nyanda za juu: hewa ikiwa nyembamba, mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua na injini hupungua nguvu, hivyo ndege ile ile inahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia kuliko Dar es Salaam. Songwe uko chini kwa zaidi ya mita 300, na njia yake ya kurukia inazidi kilomita tatu. Nduli, ambao kwa muda mrefu ulihudumiwa zaidi na ndege ndogo, umekarabatiwa na kupanuliwa miaka ya karibuni.

Ndege ndogo ya kukodi ya aina ya Cessna Caravan, yenye mwendo wa kilomita 300 hivi kwa saa, ingetoka Songwe hadi Nduli kwa saa moja na dakika chache. Tatizo ni kwamba safari za kawaida za ndege nchini zimepangwa kutoka Dar es Salaam kama vijiti vya gurudumu, na mwenye tiketi ya kawaida hupitishwa huko. Songwe hadi Dar es Salaam ni kilomita 690 hivi. Dar es Salaam hadi Nduli ni 390 hivi. Abiria huyo huruka kilomita 1,080 kuvuka umbali wa 305. Akiongeza muda wa kwenda Songwe, wa kukaguliwa, wa kusubiri ndege ya pili na wa kutoka Nduli hadi mjini, basi lililoondoka Mbeya asubuhi ile ile huwa limeshashusha watu Igumbilo zamani.

Hata ndege ya moja kwa moja isingeleta tofauti kubwa kama inavyodhaniwa. Saa moja ya kwenda uwanjani, saa moja na nusu ya taratibu, saa moja na kidogo hewani na nusu saa ya kuingia Iringa ni saa nne. Anayelipa nauli ya ndege angekuwa ananunua saa moja na nusu au mbili tu. Idadi ya watu walio tayari kununua saa hizo kila siku ni ndogo, na hapo ndipo ilipo sababu ya njia hiyo kukosa ratiba.

Mbeya si ngeni kwa anga. Mwaka 1932, shirika la Uingereza la Imperial Airways lilipoanzisha safari ya London hadi Cape Town, ndege zake zilitua Dodoma, kisha Mbeya, kisha Mpika katika Zambia ya leo. Kituo hicho kilikuwepo kwa sababu ndege za wakati huo zilihitaji mafuta na mapumziko kila baada ya kilomita mia chache. Injini zilipopata uwezo wa kwenda mbali zaidi, njia za kimataifa ziliacha kutua katika miji midogo ya katikati.

Reli ya TAZARA ni njia ya tatu, na haifiki Iringa. Kutoka Mbeya inafuata ukingo ule ule wa Usangu pamoja na barabara hadi Makambako, lakini hapo zinaachana: reli huteremka kwa mahandaki na madaraja hadi Mlimba na bonde la Kilombero, huku barabara ikipanda kwenda Mafinga. Treni za abiria hupita siku chache tu za juma, hivyo ratiba yake humfaa mwenye mzigo mwingi au asiye na haraka. Akishuka stesheni ya Makambako, kilomita 150 hivi zilizobaki atazimaliza kwa basi.